Fleti mpya kabisa, mpangaji wa kwanza: nisaini au nisubiri?

Msomaji anauliza: "Shikamoo mtaalamu. Nimepata fleti ya vyumba viwili vya kulala kwenye jengo jipya la ghorofa nne, katika mji unaokua pembezoni mwa jiji ninakofanya kazi. Iko juu kabisa na nitakuwa mpangaji wa kwanza. Rangi bado inanukia, vigae vinang'aa. Dalali ananihimiza nisaini mkataba wa miaka miwili wiki hii na nihamie Jumatatu, eti watu ni wengi. Mwenye nyumba anataka amana ya miezi miwili. Mwanangu wa miaka sita ana pumu. Je, nisaini? Na tukihamia, mtoto alale chumba kipi?"

Marahaba, dada yangu. Nikupe jibu kabla ya maelezo: ichukue, ila si wiki hii, si kwa mkataba huo, na mtoto asilale humo Jumatatu. Haraka ni ya dalali. Yeye hulipwa siku unaposaini, na siku bomba litakapopasuka utamtafuta kwa tochi.

Kazi yangu ni kukagua majengo kabla hayajakabidhiwa, na nimeshaona mara nyingi jinsi neno "mpya" linavyolaza watu macho. Mtu akienda kuangalia nyumba ya zamani huwa mkali: anatafuta doa darini, ananusa makabati, anauliza aliyekuwemo aliondoka kwa nini. Akiingia nyumba mpya anavua viatu mlangoni asije akachafua vigae, anapiga picha jikoni, anatoka ameridhika. Ilhali nyumba ya zamani imeshanyeshewa, imeshaogewa na kupikiwa, na kasoro zake zimeshajitangaza. Hiyo yako haijalaliwa na mtu hata usiku mmoja. Hakuna aliyefungua mabomba yote kwa pamoja, hakuna aliyewasha jiko, pasi na heta kwa mpigo mmoja. Atakayeijaribu ni wewe. Si jambo baya, mradi ujue kuwa hiyo ndiyo kazi unayopewa, na mradi upate kitu kwa kuifanya.

Kitu hicho kipo, na wapangaji wengi hawakijui. Jengo likikamilika mkandarasi haagi moja kwa moja. Mikataba mingi ya ujenzi huweka kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 12 tangu makabidhiano, ambapo mkandarasi analazimika kurekebisha kwa gharama yake kasoro zinazotokana na kazi yake. Kwa kawaida mwenye jengo huwa pia ameshikilia sehemu ya malipo mpaka kipindi hicho kiishe. Kwa hiyo kigae kikibanduka mwezi wa tatu, mwenye nyumba anapiga simu tu na fundi anakuja bure. Kigae hicho hicho kikibanduka mwezi wa 14, pesa inatoka mfukoni mwake, na hapo ndipo utakapoanza kusikia kwamba wewe ndiye uliyekivunja. Ndani ya kipindi hicho wewe na mwenye nyumba mko upande mmoja. Kikiisha kila mtu anarudi upande wake.

Basi kabla ya kuzungumzia kodi, muulize mwenye nyumba mwenyewe, si dalali: jengo lilikabidhiwa tarehe ngapi, na matazamio yanaisha lini? Akijibu papo hapo, umepata mtu anayefuatilia mali yake. Akisema aliwasimamia mafundi mwenyewe, hapakuwa na mkandarasi, bado unaweza kupanga, lakini kipengele cha matengenezo kwenye mkataba wako kiwe kizito zaidi, maana hakuna wa kumtupia mzigo. Ukiwa hapo hapo, omba kuona hati ya kuruhusu jengo likaliwe. Mahali pengi mamlaka ya ujenzi hukagua ngazi, tahadhari za moto, umeme na maji taka kabla ya kutoa hati hiyo. Wako wanaoingiza wapangaji kabla haijatoka, huku ghorofa ya pili mafundi bado wanakata vigae kwa mashine. Ukiingia hivyo utalipa kodi kamili kuishi kwenye eneo la ujenzi, na likitokea la kutokea, kampuni ya bima itapata mlango wa kutokea.

Sasa ile harufu na ule mng'ao.

Watu wamekariri kwamba zege likitimiza siku 28 limekauka. Siku 28 ni kipimo cha nguvu. Ndio umri ambao wahandisi huupima ugumu wa zege. Kukauka ni habari nyingine. Mita moja ya ujazo ya zege huchanganywa kwa maji ya lita 150 hadi 200 hivi. Saruji inahitaji maji yaliyo kama robo ya uzito wake ili iungane kikemikali, lakini mafundi huweka karibu nusu ya uzito huo, wakati mwingine zaidi, ili mchanganyiko umwagike vizuri. Piga hesabu ya sakafu moja tu: fleti ya mita 80 za mraba, zege la sentimita 15, ni mita 12 za ujazo. Hapo zimeingia takriban lita 2,000 za maji. Sehemu imefungwa ndani ya saruji milele, na sehemu nzuri ya kinachobaki inatafuta njia ya kutoka, polepole, kupitia kuta na dari. Ongeza maji ya plasta, ya gundi ya vigae, ya rangi. Ile tabaka laini ya saruji inayowekwa juu ya zege kabla ya vigae, kanuni ya mafundi ni kwamba hukauka kama milimita moja kwa siku, na ikizidi milimita 50 mwendo unapungua zaidi. Jengo lililofungwa madirisha na kupakwa rangi kwa kuwahi wapangaji linabaki na maji yake ndani, na wewe unahamia na makabati ya nguo unayoyasukuma hadi yaguse ukuta. Miezi miwili baadaye nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi.

Kuna kipimo kisichohitaji fundi. Tafuta nailoni angavu yenye ukubwa wa nusu mita kwa nusu mita. Ibandike kwa utepe pande zote nne, pasibaki pa kupitisha hewa, kwenye ukuta wa nje, na nyingine sehemu ya sakafu isiyo na vigae, mfano stoo au balkoni. Iache usiku kucha, saa 16 au zaidi. Ukirudi ukakuta matone upande wa ndani, au ukuta umebadilika rangi chini ya nailoni, jengo bado linatoka jasho. Mwombe mwenye nyumba ufunguo kwa usiku mmoja. Anayekunyima ufunguo wa fleti tupu ameshakujibu swali ambalo hukuuliza.

Mkiingia, kwa miezi sita ya mwanzo acheni sentimita 5 hadi 10 kati ya samani na kuta za nje. Fungueni madirisha ya pande mbili zinazotazamana, asubuhi na jioni, hata dakika 15 kila mara. Dirisha moja kuachwa wazi upenyo mdogo mchana kutwa halisaidii sana. Nguo zisianikwe ndani. Na usikubali kubandika karatasi za ukutani mwaka wa kwanza, hata ukipewa bure.

Harufu ni mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Harufu ya rangi ni viyeyusho, yaani vimiminika vya kuilainisha rangi, na vingi vya hivyo hupungua ndani ya wiki chache ukipitisha hewa. Nyingine hainuki sana, nayo ndiyo ya kuangalia kwa mtoto wako: fomaldehaidi, gesi inayotoka kwenye gundi ya mbao za kushindiliwa, zile za MDF zinazotengenezewa makabati ya jikoni na ya nguo. Hiyo hutoka kwa miezi, pengine miaka, na huongezeka joto na unyevu vikipanda. Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 liliweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo ya hewa, wastani wa dakika 30. Kupima kwake nyumbani si rahisi, lakini pua na macho vinasaidia: fungua kabati la jikoni lililofungwa tangu jana, ingiza kichwa. Macho yakiwasha, makabati hayo yakae wazi wiki kadhaa kabla hujaweka hata sahani. Angalia pia ncha za mbao, hasa sehemu za ndani na chini ya sinki. Fundi mvivu huacha ncha hizo bila kufunikwa, na huko ndiko zinakopumulia zaidi. Kuzifunika kwa utepe wa kingo ni kazi ya saa chache, na iko ndani ya matazamio.

Kwenye maji ndiko ninakotaka ukae muda mrefu, kwa sababu hukohuko ndiko nilikotiwa adabu mimi mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilipanga fleti mpya, nikiwa wa kwanza kuingia. Siku ya kwanza nilioga, nikatoka nimejifunga taulo, nikakuta godoro langu, ambalo lilikuwa bado sakafuni, limelowa pembe moja. Bafu lilikuwa linateremka kuelekea mlangoni badala ya kwenye tundu la maji. Milimita chache tu. Kwa macho huoni kitu. Mwenye nyumba alikuja, akatazama, akaniambia kwa upole kwamba najimwagia maji mengi mno. Tangu siku hiyo natembea na gololi mfukoni. Sakafu ya bafu inatakiwa iteremke sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Weka gololi kwenye kila kona na mbele ya mlango, uone inakimbilia wapi. Kisha mwaga ndoo ya maji, toka nje, zungumza na dalali dakika kumi, rudi. Dimbwi lililobaki mwonyeshe kwa kidole na ulipige picha. Ukitoka bafuni, chukua sarafu, gonga vigae kimoja kimoja ukutani na sakafuni. Kilichoshika vizuri hutoa mlio mkavu, mfupi. Chenye uwazi nyuma yake hulia kama mtungi. Kimoja au viwili si msiba. Mstari mzima ukilia hivyo, hasa karibu na bafu, andika.

Wewe uko juu kabisa, chini tu ya tangi, na watu hudhani walio karibu na tangi ndio wanaopata maji kwa nguvu. Ni kinyume chake. Kila mita 10 za kimo kutoka usawa wa maji huzaa msukumo wa karibu bar 1 (bar ni kipimo cha msukumo). Tangi likiwa mita 3 juu ya bomba lako la kuogea, una bar 0.3. Jirani wa chini, mita 9 chini yako, ana bar 1.2. Heta nyingi za kupasha maji papo kwa papo haziwaki kwa msukumo mdogo namna hiyo. Pima: ndoo ya lita 10 chini ya bomba la kuogea, bomba la jikoni likiwa wazi na choo kimetoka kuvutwa. Ikijaa ndani ya dakika moja hadi moja na nusu, utaoga vizuri. Ikizidi dakika mbili na nusu, utakuwa unajipaka maji. Dawa ipo, pampu ndogo ya kuongeza msukumo, lakini iandikwe kwenye mkataba nani anaiweka na umeme wake unahesabiwa kwenye mita ya nani.

Yaache mabomba yatiririke dakika kadhaa kabla ya kuonja maji au kupikia. Maji yaliyolala kwenye mabomba mapya kwa wiki nyingi hubeba mchanga, vipande vya nyuzi na madini yanayotoka kwenye viungio vya mabomba, na kwenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45 bakteria hustawi. Fungua vichujio vidogo vya midomo ya mabomba, utashangaa vilivyomo. Na kama bafu linanuka maji taka japo hakuna aliyelitumia, usikimbie: kona ya bomba chini ya sinki na sakafuni hushikilia maji kidogo yanayozuia hewa chafu, na fleti ikikaa tupu maji hayo hukauka. Mimina jagi moja kila tundu. Harufu ikirudi baada ya siku mbili, hapo kuna kasoro.

Juu yako kuna paa, si jirani. Faida yake ni kwamba hutasikia visigino vya mtu saa sita usiku. Hasara ni mbili. Kama paa ni zege bapa, linanyonya jua mchana na kulitema usiku wakati mnalala; nenda uiguse dari kwa kiganja jioni, jua likishatua. Na kwa upande wa mvua, uliza kama lilijazwa maji kupimwa kabla ya kukabidhiwa. Jaribio la kawaida ni kuziba mifereji na kuyaacha maji yasimame juu yake saa 24 hadi 48. Kama halikufanyika, wewe na mvua ya kwanza ndio mtakaolifanya, na kochi lako likiwa chini.

Nyufa zisikutishe ovyo. Plasta mpya ikikauka hunywea na kuachia nyufa za unywele, karibu kila jengo. Chukua kadi yako ya benki, unene wake ni milimita 0.76. Ufa usiopitisha kadi, achana nao mpaka rangi ya mwaka wa pili. Unaopitisha, hasa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, piga mstari mdogo wa penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe hapo hapo ukutani, upige picha. Baada ya mwezi utajua kama unasafiri. Unaosafiri unahitaji mhandisi, si plasta.

Umeme nitaupitia haraka: kwenye boksi kuu bonyeza kitufe cha majaribio cha swichi inayokata umeme unapovuja. Ikate papo hapo. Iliyo sahihi kwa usalama wa watu hukata kwenye miliampia 30, na imeandikwa usoni. Washa kila kitu kwa pamoja uone kama kuna kinachozima. Hakikisha mita ni yako peke yako, na haiendeshi pampu ya jengo wala taa za ngazi. Siku ya kukabidhiwa badilisha moyo wa kitasa cha mlango wa mbele, hata kama ni kwa pesa yako. Ufunguo huo umepita mikononi mwa mafundi rangi, mafundi vigae, mafundi alumini na dalali.

Tukitoka nje ya jengo, miji ya pembezoni huuzwa kwa dakika. "Dakika 20 tu kufika mjini" ni dakika za Jumapili asubuhi. Mwaka 1994 Cesare Marchetti, mwanafizikia wa Kiitalia, aliandika kwamba watu wa zama na miji tofauti huelekea kutumia wastani wa saa moja kwa siku safarini, kwenda na kurudi, na kwamba usafiri ukiharakishwa hawabaki nyumbani muda zaidi, wanahamia mbali zaidi. Ndivyo miji kama huo inavyozaliwa. Tatizo ni kwamba barabara inajaa haraka kuliko inavyopanuliwa, na ile saa moja ya mwaka huu inaweza kuwa saa moja na nusu mwaka ujao. Fanya safari yako halisi: siku ya kazi, saa unayotoka kweli, mpaka mlango wa ofisi, kisha rudi jioni. Si mara moja, mara mbili. Mama mmoja niliyemkagulia nyumba aliridhika na kila kitu, vigae, maji, umeme, akahama baada ya miezi minane kwa sababu alikuwa anamwona mwanawe akiwa amelala tu.

Halafu simama kwenye balkoni utazame viwanja vitupu. Kila kiwanja kitupu jirani ni jengo la kesho. Kiwanja kinachokupa upepo na mwanga leo, mwakani kitakupa vumbi la saruji na nondo zinazokatwa saa moja asubuhi. Kwa mtoto mwenye pumu hilo lina uzito kuliko rangi ya ukutani. Huwezi kulizuia, lakini unaweza kuuliza viwanja ni vya nani na vimeombewa ujenzi gani, na ukachagua vyumba vya kulala vya upande wa pili. Uliza pia maji taka yanakwenda kwenye mfumo wa mji au kwenye shimo la jengo. Kama ni shimo, nani analipia kulinyonya? Na kuhusu lifti, eneo la watoto kuchezea, maegesho yenye paa, lami ya mbele: vyote ambavyo "vinakamilishwa", vihesabu kuwa havipo. Lipia unachokiona.

Kwenye mkataba nisingegombania kodi kwanza. Ningegombania mambo haya, na mwenye nyumba mwenye akili atakubali mengi kwa sababu hayamgharimu kitu leo. Kodi ianze siku ya kukabidhiwa fleti yenye maji, umeme wa mita yako na mlango unaofungwa, si tarehe ya kalenda. Orodha ya kasoro mliyoipitia pamoja, yenye picha na namba za mita, isainiwe na nyote na kuwa sehemu ya mkataba. Kasoro za maji, umeme na usalama zirekebishwe ndani ya saa 48 tangu umtaarifu kwa maandishi, nyinginezo ndani ya siku 14. Akichelewa, utengeneze na kukata kwenye kodi, kama sheria ya mahali ulipo inaruhusu. Kuwe na ukaguzi wa pamoja mwezi mmoja kabla ya matazamio kuisha. Huo watu huusahau, nao ndio wenye faida kubwa kwenu wote wawili.

Amana ya miezi miwili si ya ajabu, lakini taja nyufa za kunywea, vigae kubanduka na ukungu unaotokana na unyevu wa jengo kuwa havikatwi humo. Sema pia inarudishwa ndani ya siku ngapi. Gharama za huduma za pamoja kwenye jengo jipya ni makisio, hakuna mwaka uliopita wa kulinganisha. Omba ziwekewe kikomo mwaka wa kwanza. Uliza kama jengo lina deni la benki na nini kinakupata likiuzwa, kwa sababu sheria hutofautiana, na wakili wa saa moja anakutosha kwa hilo.

Miaka miwili yenyewe naiona mirefu kwa nyumba isiyo na historia. Omba mwaka mmoja wenye haki yako ya kuongeza wa pili kwa kodi ile ile. Akikataa kabisa, kubali miwili yenye mlango wa kutokea baada ya miezi sita kwa taarifa ya mwezi mmoja au miwili. Kuhusu "watu ni wengi": jengo jipya lenye fleti tupu linamuuma mwenye nyumba kila mwezi, na mpangaji wa kwanza anayelipa vizuri humvutia wa pili. Mwambie dalali hivi, kwa maneno haya haya ukitaka: "Naitaka. Nitasaini siku tutakayokagua pamoja na kusaini orodha." Kisha nyamaza. Ukiona imechukuliwa na mwingine wiki hiyo hiyo, amechukua na unyevu wake.

Sasa mtoto. Kwanza mwone daktari wake kabla ya kuhama, umweleze kwamba mnaingia jengo jipya. Ndiye wa kusema kama dawa zake ziongezwe au zibaki zilivyo. Kwa upande wangu wa jengo, ningempa chumba kisicho na makabati ya kujengewa hata kama ni kidogo. Kisiwe kinachopakana na bafu. Kiwe cha upande usiotazama viwanja vitupu, na chenye dirisha linalopata jua la asubuhi likaushe ukuta mapema. Kitanda kiwe cha mbao halisi au chuma, hata cha zamani; cha zamani kina faida kwamba kimeshamaliza kunuka. Kichwa cha kitanda kielekee ukuta wa ndani, kisiguse wa nje. Lipa kodi uanze kupeleka vitu, lakini mpe mtoto wiki tatu au nne za kulala kwa bibi au mlikokuwa, huku wewe unakwenda jioni kufungua madirisha na milango yote ya makabati. Nunua kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, ukitundike chumbani kwake kwenye urefu wa mto, si juu karibu na dari. Kikikaa kati ya asilimia 40 na 60 wiki nzima, mlete. Kikikaa juu ya 70, mpigie mwenye nyumba, umtumie na picha.